Baraza la Jamaa: Kaburi la Mbwa ni Habari za Mwenyewe

Ndugu wasomaji, barua ya juma hili imetoka Nakivale. Aliyeiandika ni mke wa askari polisi. Kwa miaka mingi jamaa hii ilikaa Mbarara, kisha bwana akahamishiwa kituo kilichomo ndani ya makazi ya wakimbizi. Mama huyu ameniomba nisitaje jina lake, nami nimemkubalia. Nitaieleza barua yake kwa ufupi, maana nadhani jambo lililompata yeye limekwisha kuwapata wengine katika kambi zetu, au litawapata siku moja.

Walipohama Mbarara, mtoto wao wa kiume alikuwa na umri wa miaka 7. Alichukua kikapuni mtoto wa mbwa, wakampa jina la Doria, kwa sababu hakulala usiku bali alizunguka nyumba mpaka kulipokucha. Bwana alipokuwa zamu ya usiku, Doria ndiye aliyekuwa mlinzi wa mama na watoto. Mwaka huu mtoto ana miaka 11, na Doria amekufa: amekanyagwa na lori la mahindi barabarani.

Mtoto alimfunika mbwa wake kwa shati lake kuukuu la shule, akatwaa jembe, akaanza kuchimba chini ya mgunga ulio nyuma ya nyumba. Jirani yao akapita. Jirani huyu ni mama kutoka Kongo, aliyevuka mpaka na watoto wawili baada ya mumewe kuuawa, na maiti ya mumewe ikabaki njiani. Aliposimama na kutazama, alisema neno moja tu: "Mume wangu hana kaburi, na hapa mbwa anachimbiwa lake." Kisha akaenda zake. Mtoto akaliacha jembe. Baba aliporudi akasema, mtupeni porini kama watu wote wanavyofanya.

"Usiku ule," anaandika mama, "nilimfukia Doria mwenyewe katika shimo lile lile, bila mtoto, bila taa. Tangu siku hiyo mwanangu hanisemeshi vizuri, na jirani haniamkii. Je, ndugu mwandishi, nilifanya upuuzi? Watu wa zamani walizika mbwa, au ni mambo ya kizungu tuliyoyaona katika picha?"

Hayo ni maswali mawili. Nitaanza na la pili, kwa sababu lina ushahidi wa kushikika kwa mkono. Kisha nitalirudia la kwanza.

ARDHI INASOMWAJE

Wako wataalamu ambao kazi yao ni kuchimba ardhi polepole, kwa mwiko na brashi, wapate kujua jinsi watu wa kale walivyoishi. Elimu yao huitwa akiolojia. Wala si wageni katika pande zenu. Kusini ya Nakivale, kwenye Mto Kagera, pana pango la Nsongezi, ambapo zimepatikana zana za mawe za watu wa kale sana. Karibu na hapo, katikati ya mto, pana kisiwa cha Kansyore. Vyungu vilivyopatikana katika kisiwa hicho vimekipa jina aina nzima ya vyungu vya kale vya nchi zilizo kando ya Ziwa Viktoria. Mtaalamu wa Kenya akiona kigae cha namna ile husema, "Hiki ni Kansyore," hata kama hajakanyaga Isingiro maisha yake yote. Huko Bweyorere, palipokuwa na makao ya wafalme wa Ankole, Merrick Posnansky alichimba mwaka 1959. Na huko Ntusi, upande wa Sembabule, mko vichuguu viwili vikubwa ambavyo mtu angevidhania vilima, kumbe ni majaa ya takataka za watu walioishi pale kati ya miaka 600 na 1,000 iliyopita. Vimejaa mifupa ya ng'ombe.

Nimeitaja Ntusi makusudi. Mfupa uliotupwa jaani na mfupa uliozikwa haufanani, na tofauti hiyo ndiyo msingi wa habari yetu yote. Mnyama aliyeliwa mifupa yake huwa imetawanyika, imevunjwa kutolewa uboho, na ina alama za kisu. Mnyama aliyetupwa porini huvutwa na fisi, na mifupa yake huwa na alama za meno. Lakini mnyama aliyezikwa hukutwa mzima: uti wa mgongo umejipanga pingili kwa pingili, miguu imekunjwa, kichwa kiko mahali pake. Tena udongo wenyewe hutoa ushahidi, kwa kuwa shimo likichimbwa na kufukiwa, udongo wake hauwi tena na tabaka kama ule wa kando yake. Askari yeyote aliyewahi kuchimba handaki analijua hilo: mahali palipokwisha kuchimbwa, sepetu huingia kwa urahisi.

Baada ya hapo huja kazi ya maabara. Kila kiumbe kilicho hai kina kaboni ya namna ya pekee, ambayo huanza kupungua kinapokufa. Katika miaka 5,730 hubaki nusu yake. Kwa kuipima iliyobaki, mtaalamu hujua mfupa una umri gani. Meno nayo hueleza umri wa mnyama, chakula chake, na hata maradhi aliyougua utotoni. Hebu tuone basi mifupa ya mbwa imesema nini.

MGONJWA ALIYEUGUZWA

Mwaka 1914, wafanyakazi wa machimbo ya mawe huko Oberkassel, karibu na mji wa Bonn, Ujerumani, walifukua kaburi. Ndani yake mlikuwa na mwanamume wa makamo na mwanamke kijana, wamenyunyiziwa unga mwekundu wa jiwe na kufunikwa kwa mawe mazito. Pamoja nao mlikuwa na mifupa ya mnyama. Watu hawakuijali sana mifupa ile. Ilikaa makumbusho miaka mingi, mpaka mwishoni mwa miaka ya 1970 ilipotambuliwa kuwa ya mbwa. Kaburi lile lina umri wa miaka 14,000 hivi. Wakati huo hapakuwa na mkulima popote duniani, wala ng'ombe wa kufugwa, wala mbuzi. Mbwa ndiye mnyama wa kwanza kukaa na mwanadamu.

Mwaka 2018, daktari wa mifugo Luc Janssens na wenzake walitoa habari iliyowashangaza wengi. Waliyachunguza meno ya mbwa yule wakaona mistari na mashimo ambayo huachwa na ugonjwa wa distempa, ugonjwa mbaya ambao huwaua watoto wa mbwa hata siku hizi. Alama zile zilionyesha kwamba mbwa aliugua akiwa na umri wa majuma 19 hivi, akapata nafuu, akaugua tena, na tena, hata akafa akiwa na majuma 28 au pungufu kidogo. Mbwa mwenye distempa hutapika, huharisha, na hupatwa na kifafa. Hawezi kuwinda wala kulinda. Asipopewa maji, asipofunikwa na kusafishwa, hufa katika juma la kwanza au la pili. Yule wa Oberkassel aliishi kwa majuma mengi.

Ndugu wasomaji, fikirini maana yake. Watu wale walikuwa wawindaji, hawana ghala, na kila mdomo ulikuwa mzigo. Hata hivyo mtu fulani, labda huyo huyo aliyezikwa naye, alikaa akimnywesha maji mbwa asiyekuwa na faida yoyote kwake. Hakuna aliyeandika habari hiyo, kwa kuwa maandishi yalikuwa hayajabuniwa. Meno ndiyo yaliyoihifadhi.

Kaburi la pili liko kaskazini ya nchi ya Israeli, mahali panapoitwa Ain Mallaha. Simon Davis na François Valla walilitangaza mwaka 1978. Lina umri wa miaka 12,000 hivi. Mlikuwa na mtu mzima aliyelazwa ubavu, na mkono wake umewekwa juu ya mtoto wa mbwa. Mkono wa maiti haujiwekei wenyewe. Waliozika ndio waliouweka.

MLINZI WA MFALME

Habari ya tatu itawapendeza askari. Mwezi wa Oktoba 1935, George Reisner, mtaalamu kutoka Marekani, alikuwa akichimba Giza, Misri, penye mapiramidi. Alikuta jiwe lenye maandishi ambalo wajenzi wa kale walikuwa wamelitoa katika kaburi moja na kulitumia katika jingine. Maandishi yale yalihusu mbwa aliyeitwa Abuwtiyuw, mlinzi wa Mfalme. Yanaeleza kwamba Mfalme aliamuru mbwa huyo azikwe kwa heshima: apewe jeneza kutoka hazina, kitani kizuri kingi, ubani na manukato, na mafundi wa mawe wamjengee kaburi. Hayo yalitendeka zaidi ya miaka 4,000 iliyopita. Jina la Mfalme halimo katika jiwe lile. Jina la mbwa limo.

Mbwa wa namna hiyo hatumwoni Misri ya kale peke yake. Jeshi letu la polisi lina kikosi cha mbwa, na ninyi mlio katika kazi mnajua ni wezi wangapi wamefuatwa kutoka mahali pa kosa hadi mlangoni kwao kwa pua ya mbwa. Mwenye kumshika mbwa huyo kamba hula naye jua na mvua. Kama siku ya kufa kwake atamtaka azikwe badala ya kutupwa, asione haya. Amri ya namna hiyo imewahi kutolewa na mfalme.

SI KILA KABURI LINA UPENDO

Hata hivyo nisiwadanganye. Wataalamu wa mambo ya kale ni watu wa tahadhari, nasi tuwaige. Kuna makaburi ya mbwa ambayo ukiyajua sana hutayafurahia.

Saqqara, si mbali na Giza, mna mapango marefu yaliyochimbwa kwa ajili ya Anubis, mungu wa Wamisri mwenye kichwa cha mbwa. Paul Nicholson wa Chuo Kikuu cha Cardiff na wenzake walikadiria kwamba mapango yale yalitiwa wanyama wapatao 8,000,000, wengi wao mbwa. Walizikwa kwa utaratibu, kwa dini na kwa sanda. Lakini wengi walikuwa watoto wa siku chache tu. Walizalishwa kwa wingi ili mahujaji wawanunue wawe sadaka, na hawakuishi hata kumjua bwana. Hapo kaburi lipo, sanda ipo, lakini malezi hayapo.

Huko Ashkelon, katika pwani ya bahari ya Kati, Lawrence Stager alifukua mbwa zaidi ya 1,000 waliozikwa katika karne ya tano kabla ya Kristo. Kila mmoja alikuwa na shimo lake dogo, amelazwa ubavu, mkia umekunjwa kuelekea miguuni. Wengi ni watoto, na hakuna alama ya kisu wala ya pigo. Wataalamu wamebishana miaka na miaka: ni dini, au walikufa kwa maradhi ya kawaida na watu wa mji wakawafukia kwa adabu? Mifupa inaonyesha jinsi mnyama alivyolazwa. Sababu ya kulazwa hivyo haionyeshi kila mara.

Kwa hiyo mtaalamu hatazami shimo peke yake. Hutazama pia jinsi mnyama alivyoishi kabla ya kutiwa shimoni. Na hapa ndipo ninapofikia habari iliyonigusa kuliko zote.

KIBOGOYO WA BERENICE

Katika pwani ya Misri ya bahari ya Shamu palikuwa na bandari iliyoitwa Berenice. Bandari hiyo imetajwa katika kitabu kimoja cha mabaharia cha karne ya kwanza, kitabu hicho hicho kinachoieleza pwani yetu ya Afrika ya Mashariki hadi mji wa Rhapta. Merikebu zilizotoka huko zilifika kwetu na zilifika Bara Hindi. Mwaka 2011 wachimbaji waliokuwa wakifukua jaa la takataka huko Berenice walikuta chini yake makaburi madogo madogo. Marta Osypińska kutoka Poland alifanya kazi hapo kwa miaka kadhaa, na mwaka 2021 akatangaza hesabu yake: wanyama 585, yaani paka 536, mbwa 32, nyani na kima 15, mbweha mmoja na kipanga mmoja. Walizikwa katika karne ya kwanza na ya pili baada ya Kristo.

Hawakuuawa kuwa sadaka. Baadhi yao walivaa ukanda wa chuma au ushanga shingoni. Wengine walikuwa vilema. Wengine walikuwa wazee vibogoyo, hawana meno ya kutafunia. Kumbukeni kwamba Berenice ni jangwa: chakula kililetwa kwa ngamia kupitia jangwani, au kwa merikebu. Mnyama kibogoyo katika mahali kama pale hawezi kuishi wiki mbili asipopikiwa au kupondewa chakula na mtu. Mbwa mmoja mkubwa alikuwa na ugonjwa wa saratani ya mfupa. Alikutwa amefungwa katika jamvi la majani ya mtende, na juu yake wameweka vipande viwili vya mtungi mkubwa, kama mtu anayefunika. Tumboni mwake mlikuwa na mabaki ya chakula chake cha mwisho: samaki na nyama ya mbuzi.

Wahenga wetu walisema, mbwa wa msasi mkali ni mkali pia. Maana yake mbwa hufuata tabia ya bwana wake, na ukimwona mbwa umekwisha kumjua mwenyewe. Wataalamu wamethibitisha kwamba hata kaburini ni vivyo hivyo. Hatulijui jina la yule mtu wa Berenice, wala kabila lake, wala kama alikuwa tajiri au mchukuzi wa bandarini. Lakini tunajua kwamba mbwa wake alipokuwa mgonjwa wa kufa, alimpa samaki na nyama. Kaburi la mbwa ni habari za mwenyewe.

JINA LILILOTEMBEA NA WATU

Mtu ataniuliza, hayo ni ya Ujerumani na Misri, sisi je? Kusini ya Sahara hapakuwa na mnyama aliyemzaa mbwa wa nyumbani. Asili yake ni mbwa-mwitu wa kijivu wa nchi za Ulaya na Asia. Kwa hiyo kila mbwa aliyebweka Ankole, Kivu au Ruanda babu zake waliletwa na watu, kwa miguu, kizazi baada ya kizazi. Mifupa yake ni migumu kutambulika kwa sababu bweha wetu wanafanana naye sana, na kipande kidogo cha taya huweza kumpa mtaalamu kazi ya mwezi mzima.

Lakini kuna ushahidi mwingine, nao uko midomoni mwetu. Huko Nakivale, mama, msimamishe mtu njiani umwulize jina la mnyama huyu. Munyankore atasema embwa, na Muganda vile vile. Mnyarwanda na Mrundi watasema imbwa. Mkongo asemaye Lingala atasema mbwa, kama sisi Waswahili. Wachunguzi wa lugha wanasema kwamba jina likifanana hivyo katika nchi zote za Wabantu, basi wahenga wao walikuwa nalo kabla ya kutawanyika, maelfu ya miaka iliyopita. Waliposafiri, mbwa alikuwa nyuma yao. Nakivale ilianzishwa mwaka 1958 kwa ajili ya watu waliokuwa safarini namna hiyo hiyo, wameacha nyumba na mashamba. Wengi hawakuweza kuchukua chochote, lakini lugha waliichukua, na jina la mbwa limo ndani yake.

NENO KWA MAMA WA NAKIVALE

Sasa nirudie swali lako la kwanza, mama. Hukufanya upuuzi. Ulilolifanya usiku ule bila taa lilifanywa Oberkassel miaka 14,000 iliyopita, na halikufanywa na wapumbavu. Kosa moja tu ulilifanya, nalo linaondoleka: ulimfukia Doria bila mtoto. Ulitaka kumwepusha na uchungu, kumbe kazi ya kufukia ilikuwa haki yake. Mpeleke chini ya mgunga, umwonyeshe mahali. Mwache aweke jiwe. Umweleze habari ya yule kibogoyo wa Berenice. Nawe bwana askari, uliyesema atupwe porini, nadhani ulisema kwa kuchoka. Kaa na mwanao jioni moja, umweleze jinsi Doria alivyokuwa akilinda nyumba wewe ukiwa zamu.

Ama jirani yako, usiende kwake na habari za Misri. Hakukosea. Tazama tena makaburi niliyoyataja: Oberkassel na Ain Mallaha, mbwa alilazwa kando ya watu waliokwisha kuzikwa kwa heshima. Hakuzikwa mbwa watu wakiachwa. Mwanamke ambaye mumewe amebaki njiani bila kufukiwa, akimwona mbwa anachimbiwa shimo, anauona ulimwengu umepinduka. Kilichomwumiza ni kwamba hakuna hata mmoja aliyemwuliza habari za maiti yake.

Basi mwendee, umwite kwa jina la mtoto wake kama mnavyoitana, na umwulize mumewe aliitwa nani. Umwulize alikuwa mtu wa namna gani. Ninyi wake wa askari mnalijua jambo hili kuliko wengi. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, majeshi yalikuwa na maelfu ya askari waliopotea bila kaburi. Na tarehe 11 Novemba 1920, huko London, alizikwa askari mmoja asiyejulikana jina, kwa niaba ya wote wasiorudi, ili kila mjane na kila mama awe na mahali pa kuweka ua. Kama taifa liliweza kumpa kaburi mtu asiyejulikana, majirani wawili wa Nakivale wanaweza kupanda mti na kuutaja kwa jina la mtu anayejulikana. Mwulize kama angependa. Akikubali, mwanao ana jembe na anajua kuchimba. Akikataa, umekwisha kumwuliza, na hilo peke yake ni kitu.

Tena uwakumbuke majirani wengine. Miongoni mwa Wasomali na Waislamu wengine mate ya mbwa ni najisi, na si adabu kumzika karibu na mahali wanapoteka maji au kusali. Hao hawamdharau mnyama. Katika Kurani yenyewe, sura ya Pango, yumo mbwa aliyekaa mlangoni akiwalinda vijana waliolala. Lakini kila jambo lina mahali pake.

MAMBO YA KUANGALIA

Kwa faida ya wasomaji wote, haya ndiyo ya kufuata.

Mbwa akifa, usimshike kwa mkono mtupu. Tumia glavu au mfuko wa plastiki. Chimba mbali na kisima, mto na nyumba, kina cha kiuno cha mtu mzima, na uweke mawe au miiba juu ili fisi na mbwa wengine wasifukue. Kisha nawa kwa sabuni.

Ikiwa mbwa alikuwa akitokwa na povu, au tabia yake ilibadilika ghafla, au alimuuma mtu kabla ya kufa, usimzike upesi. Mwite bwana mifugo kwanza, kwa maana kichwa chake huenda kikahitajiwa kwa uchunguzi wa kichaa cha mbwa. Aliyeumwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji mengi ya kumiminika kwa dakika 15, kisha aende zahanati siku hiyo hiyo apigwe sindano. Ugonjwa ukishaonyesha dalili, karibu hakuna anayepona. Chanjo ya kwanza ya ugonjwa huu alipewa mtu mwaka 1885 na Louis Pasteur, na chanjo ya mbwa ipo. Mbwa achanjwe kila mwaka. Mtu akiniuliza alama ya upendo wa siku hizi, ambayo wataalamu wa miaka 1,000 ijayo hawataiona katika mfupa, nitamwambia ni hiyo sindano.

Na mwisho, ninyi wenye kuchimba. Askari huchimba mahandaki, wakimbizi huchimba mashamba na vyoo, na pande za Isingiro na Mbarara zina mambo ya kale mengi. Sepetu ikigonga mifupa iliyojipanga, au vigae, au mawe yaliyochongwa, simama. Usiokote, usisafishe, usipeleke nyumbani, maana mfupa uliotolewa mahali pake umepoteza nusu ya maneno yake. Weka alama, utoe habari kwa mwenyekiti wa kijiji, kituo cha polisi, au ofisi ya mkuu wa makazi, ili ifike idara ya makumbusho. Nchi hii imekuwa na sheria ya kulinda mambo ya kale tangu mwaka 1967, na Makumbusho ya Uganda yaliyoanzishwa mwaka 1908 yapo kwa kazi hiyo. Na ikiwa mifupa ni ya binadamu, na ni ya karibuni, basi lijalo kwanza ni polisi, kwa kuwa huenda yuko mama mahali fulani anayemtafuta mtu wake.

Mama wa Nakivale, niandikie tena. Nitapenda kujua kama mti umepandwa, na umepewa jina gani.